Kusafisha kabureta ya Land Rover ya zamani: mafuta ya taa, spreyi au mashine ya mawimbi?

Spana13: Wakuu, nimefungua kabureta aina ya Zenith 36IV ya Land Rover Series III iliyolala bandani kwa miaka mingi, nikakuta petroli imekauka na kuacha gundi ya kahawia chini ya bakuli na kwenye njia za slojeti (jeti, yaani kijitundu cha kupitishia petroli, inayolisha injini ukiwa hujakanyaga pedeli). Kabla sijafunga gaskiti mpya, ipi ni bora: kuiloweka kwenye mafuta ya taa, kutumia spreyi ya kabureta, au kumpelekea fundi mwenye mashine ya mawimbi ya sauti?

MamaGereji: Mkuu, mafuta ya taa ni rahisi na hayashiki moto upesi kama petroli, lakini huondoa grisi na matope tu; gundi iliyokwisha kukauka huiacha palepale. Spreyi huiyeyusha, ila toa kwanza diaframu, oringi na kila kilicho cha mpira, maana dawa hiyo huvimbisha mpira. Vaa miwani pia, kwa sababu ukipuliza tundu moja dawa hutokea tundu jingine na kukurukia usoni.

Mzee wa Zenith: Kwa kabureta iliyolala muda mrefu hivyo, mimi ningechagua mashine. Maji ya nyuzi 50 hivi yenye sabuni isiyo kali, yakitikiswa kwa mawimbi ya kilohezi 40, hutoa viputo vinavyopasukia ndani ya vijia ambavyo brashi haivifikii. Ikitoka humo ipulize kwa kompresa papo hapo, isije ikafanya ukungu mweupe. Soda kali ya kuzibulia mabomba usiitie kabisa, kwani inakula alumini na zinki.

Spana13: Shukrani, Mzee. Jeti iliyoziba kabisa naweza kuizibua kwa waya?

MamaGereji: Waya wa chuma, hapana. Jeti iliyoandikwa 125 ina tundu la milimita 1.25, ukilikwaruza likapanuka, gari litakunywa mafuta na utahangaika kutafuta sababu kwingine. Loweka, kisha pitisha mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki.

Mzee wa Zenith: Kabla ya kufunga, simamisha rula ya chuma kwa ubavu juu ya uso unaokutana na kifuniko, kwa kuwa Zenith hizi hupinda hapo. Ukiona mwanga unapenya chini ya rula, laza msasa laini juu ya kioo na uusugue uso huo taratibu hadi ulingane. Usipofanya hivyo, hata iwe safi namna gani, injini haitatulia ukiondoa mguu kwenye pedeli.