Matairi ya MTB 29 kwa Karura, Ngong na Kajiado: lipi mbele, lipi nyuma?

Kanyaga_Pole:
Wadau, naomba ulinganisho. Baiskeli ni ya milimani (MTB), magurudumu ya inchi 29, rimu ina upana wa ndani wa milimita 25, bado natumia tyubu. Mimi na begi ni kilo 78. Njia: Karura katikati ya wiki, Ngong Hills Jumamosi, Kajiado mara moja moja, na lami ya kufika huko kote. Nimebakiza Schwalbe Smart Sam, Maxxis Ardent ya upana wa inchi 2.25 na Vittoria Mezcal 2.25. Nataka jozi itakayodumu.

FundiSpoku:
Tatizo liko kwenye hilo neno "jozi". La nyuma hubeba uzito mwingi na ndilo husukuma, kwa hiyo meno yake huisha mapema. La mbele huongoza. Nyuma ikiteleza utajirudisha. Mbele ikiteleza uko chini.

Nyuma weka Mezcal. Meno ya katikati yamebanana na ni mafupi, halivumi kwenye lami, na raba yake huisha polepole. Ardent ni tairi gumu, ila lina nafasi kati ya meno ya katikati na ya pembeni. Ukiinama kidogo tu kwenye kona linaelea kwanza, ndipo meno ya pembeni yaume. Anayejua kuinama hana neno nalo. Anayesitasita juu ya changarawe ya Ngong atalilaani. Mbele ningeweka Vittoria Barzo badala yake, meno yake yametawanyika zaidi na yanashika mapema.

Smart Sam ni la lami na murram kavu. Udongo mwekundu wa Karura ukilowa, mitaro yake ya katikati hujaa na unabaki na tairi kipara jipya kabisa.

Kabla ya kulipa, soma ubavu wa tairi. 57-622 ni upana wa milimita 57 na kipenyo cha rimu 622, yaani 29. Ukiona 584 hiyo ni 27.5, na 559 ni 26. Haziingiliani hata muuzaji akiapa. Kisha tazama TPI, yaani idadi ya nyuzi za kitambaa cha tairi kwa kila inchi: nyuzi 60 ni nene, nzito na ngumu kuchanika, 120 ni laini na nyepesi. Continental huandika 3/180, lakini hizo ni tabaka 3 za nyuzi 60. Kwa mawe ya Ngong ubavu ndio muhimu kuliko meno. Maxxis yenye alama ya EXO ina kitambaa cha ziada hapo. Meno yakiisha utapanda wiki kadhaa zaidi. Ubavu ukichanika safari imeisha papo hapo.

Mbigiri_Tu:
Mmesahau Kajiado! Miiba ya huko ni ya aina mbili. Mbigiri ni mfupi, hunata kwa makumi kandokando ya njia. Huo unazuiwa na tairi lenye tabaka nene chini ya meno (Smart Sam Plus ina la milimita 3) au utepe wa plastiki kati ya tairi na tyubu. Ukitumia utepe, ncha zake zipunguze kwa sandpepa, la sivyo zitasugua tyubu hadi zitoboe zenyewe. Mwiba wa mgunga ni habari nyingine. Ni mrefu, unapita tairi, utepe na tyubu, wakati mwingine hadi upande wa pili wa tyubu. Hapo fundi huziba tundu moja na kukuachia la pili.

Dawa ya kweli ni kuondoa tyubu: tepu ya rimu, vali yake, na mililita 100 hivi za maji ya kuziba kila gurudumu la ukubwa huo. Lazima rimu na tairi ziwe za kufaa hivyo. Joto hukausha maji hayo, kwa hiyo tikisa gurudumu kila miezi miwili. Usiposikia yakicheza, ongeza.

Karura_Asubuhi:
@FundiSpoku sikubaliani kwamba 2.25 inatosha mwaka mzima. Masika, Machi hadi Mei, 2.1 yenye meno yaliyoachana hupenya tope na kulitema. Tairi pana linaelea juu, na tope linajaa kati yake na fremu. Udongo mweusi wa Kitengela usiuingize kwenye hesabu, hakuna tairi lake. Shuka ubebe.

Mnyororo_Mkavu:
Kwa mfuko mwembamba: mbele jipya la jina, nyuma la mtumba. Likunje ubavu kwa vidole viwili. Ukiona nyufa ndogondogo au nyuzi, rudisha. Pitisha kidole ndani pole pole, vipande vya waya na miiba hubaki humo.

Kanyaga_Pole:
Nimeelewa. Mezcal nyuma, Barzo mbele, zote 2.25. Upepo kiasi gani nikiwa bado na tyubu? Ubavuni wameandika kiwango cha juu na fundi wa stejini hujaza hadi hapo.

FundiSpoku:
Hicho ni kikomo tu. Kwa kilo 78 anza mbele 26 psi, nyuma 30, halafu shuka au panda kwa psi 2. Ukipata pancha ya matundu mawili yaliyo sambamba, tyubu imebanwa kati ya jiwe na rimu: ongeza. Ukirukaruka kwenye mizizi ya Karura, punguza. Ukiondoa tyubu unaweza kushuka hadi 22 na 25. Nunua kipimo chako, vya pampu nyingi hudanganya.

La nyuma likiisha, usihamishie chakavu mbele. Toa la mbele lipeleke nyuma, jipya liende mbele. Angalia mshale wa mzunguko ubavuni kabla ya kujaza. Baadhi ya matairi yana mshale mmoja wa mbele na mwingine wa nyuma, na yameelekea pande tofauti.

Mbigiri_Tu:
Na ukichomoa mwiba kwenye gurudumu lisilo na tyubu, lizungushe tundu liwe chini kwanza. Juu hakuna maji, ni upepo tu utakaotoka.