Nimepewa ofa ya bunduki inayofyatua kwa betri, Remington EtronX. Kwenye baridi ya -40 itapiga kweli?

Msukuma_Kaskazini aliandika:

Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri kwa waliokaa nchi za baridi kali, hasa wenye uelewa wa silaha au betri.

Mimi ni mtu wa Magu, Mwanza, lakini kwa sasa naishi Fairbanks, Alaska, na familia yangu. Ukaazi wa kudumu ninao, na ule mwaka mzima wa kuhesabiwa mkaazi wa jimbo umeshapita, kwa hiyo msimu huu naweza kuwinda kama mwenyeji. Jirani yangu, mzee aliyezaliwa hapa hapa, amenikaribisha twende naye kutafuta karibuu kando ya barabara ya Steese wakati wa baridi. Karibuu ni jamii ya kulungu wa huku, na kundi lenyewe linaitwa Fortymile. Nyumbani tuko watu sita na bei ya nyama mnaoishi huku mnaijua, kwa hiyo mnyama mmoja akiingia kwenye friza ni jambo kubwa kwetu.

Sasa kuna jamaa anauza bunduki ya .243, Remington 700 ya aina ya EtronX. Haina pini inayoruka kugonga fataki, yaani kile kidude cha nyuma ya risasi kinachowasha baruti, kama bunduki tulizozoea. Ukivuta triga, umeme wa betri ya volti 9 iliyofichwa kwenye kitako ndio unaowasha fataki. Kuna swichi ya ufunguo, na kitaa kidogo kinachokuonyesha iko tayari au la. Nimeishika, ni safi mno, na triga yake ni laini ajabu. Bei ni karibu nusu ya bunduki mpya. Mwenyewe anasema haijawahi kumwangusha, ila yeye aliitumia Arizona.

Hofu yangu ni betri. Simu yangu huku inazima ikiwa na asilimia 40 nikiitoa tu mfukoni. Pia nataka kuweka darubini ya kulengea yenye nukta inayowaka, na ninazo GPS, taa ya kichwani na glovu za kupasha joto. Karibu kila kitu nitakachobeba kinakula betri. Ninunue hiyo bunduki au niachane nayo?

---

FundiUmeme_Tanga alijibu:

Ndugu Msukuma, hongera kwa kufika na familia. Mimi ni fundi umeme wa magari hapo hapo Fairbanks, na kuwinda nawinda. Nitakuandikia kwa urefu maana hili jambo linahusu maisha yako.

Usinunue. Nianze na sababu ambayo hukuiuliza: fataki. EtronX haitumii fataki za kawaida, inatumia fataki zake maalumu za umeme. Remington waliitoa bunduki hiyo mwaka 2000, haikushika sokoni, na baada ya miaka michache wakaiacha. Risasi za .243 zimejaa kila duka la uwindaji mjini, lakini hakuna hata moja itakayolia ndani ya bunduki hiyo, kwa sababu fataki ya kawaida inasubiri kugongwa na humo hakuna kinachogonga. Utaanza kusaka masalio ya watu waliohifadhi za zamani. Muulize muuzaji anakuachia fataki ngapi, halafu upime mwenyewe kama bei bado ni rahisi.

Sasa betri. Ile ya volti 9 ya alkalaini ukiipasua ndani utakuta vijibetri sita vya volti moja na nusu vimeunganishwa mfululizo. Kila kimoja ni kidogo, kwa hiyo ukinzani wa ndani, yaani kile kinachozuia umeme kutoka, ni mkubwa tangu kiwandani. Na maji ya betri ya alkalaini ni maji kweli, yenye potashi kali. Baridi ikizidi yanakuwa mazito kama asali, chembe zinazobeba chaji zinatembea kwa kusuasua, na ukinzani unapanda tena. Ukiipima kwa mita bila mzigo itakuonyesha volti nzuri tu. Ukiidai umeme kwa nguvu, volti inaporomoka. Hicho ndicho kinachoipata simu yako: chaji imo, ila haitoki kwa kasi inayotakiwa, simu inaona volti imeshuka chini ya kiwango na inajizima. Ukiipasha joto chaji inarudi, haikuwa imepotea.

Watengenezaji wengi wa alkalaini wanaandika mwisho wa kazi kuwa kama -18 au -20. Fairbanks -20 ni siku ya kawaida ya Januari, watoto wanakwenda shule. Rekodi ya mji wetu ni -54, ya mwaka 1934, na jimbo hili limewahi kushuka hadi -62 pale Prospect Creek, Januari 1971.

Betri za volti 9 za lithiamu zipo, na ukiweka hiyo utapunguza tatizo. Lakini angalia mpangilio wenyewe. Betri imekaa ndani ya kitako, mbali na mwili wako, kutwa nzima kwenye baridi, na huwezi kuitia mfukoni ipate joto kwa sababu ndiyo inayoifanya bunduki iwe bunduki. Ikigoma, umebeba rungu. Huko Steese kuna dubu na kuna mbwa mwitu, na kuna kilomita nyingi bila mtandao wa simu. Mimi naukubali umeme unaolisaidia jicho langu, maana ukizima jicho bado lipo. Umeme ambao risasi haitoki bila ruhusa yake siuchukui porini wakati wa baridi.

Tafuta bunduki ya bolti ya kawaida, ile unayoikoki kwa mkono na pini inagonga fataki. Humu mjini zipo nyingi za mkono wa pili, na risasi hutahangaika.

---

Mpagazi_Machame alijibu:

Sijui bunduki, ila betri na baridi tunazijua. Kilimanjaro usiku wa kupanda kileleni tunaondoka kambi ya Barafu, mita 4,673, karibu saa sita usiku, na tunafika kilele cha Uhuru, mita 5,895, alfajiri. Juu kule inashuka hadi -15, na upepo wake ni habari nyingine. Wageni wanaanza na taa kali, kufika Stella Point, ukingoni mwa kreta karibu na kilele, nyingine zimebaki na mwanga wa njano.

Kaka, betri za akiba lala nazo ndani ya mfuko wa kulalia na utembee nazo kwenye nguo ya ndani kabisa, siyo kwenye begi. Ukiona taa imefifia usitupe zile za zamani. Zitie kifuani, weka zilizo moto, baada ya muda badilisha tena. Na taa ambayo kikasha cha betri kina waya unaoingia ndani ya koti ni bora mara nyingi kuliko ile ambayo betri ziko kwenye paji la uso. Kamera ni vivyo hivyo.

---

Mswahili_Whitehorse alijibu:

Nakubaliana na Fundi kuhusu EtronX, lakini nataka kumtetea mtu anayependa vifaa vya umeme, kwa sababu wengine mtasoma hapa na kudhani kila chenye betri ni cha kutupa.

Huku Kanada kuna Canadian Rangers, askari wa akiba wanaolinda kaskazini, wengi wao wenyeji wa Kiinuiti na mataifa mengine ya asili. Kikosi kiliundwa 1947 na kwa miongo mingi walibeba Lee-Enfield za zamani. Jeshi lilipozibadilisha, kuanzia 2018, lingeweza kuwapa kitu cha kisasa cha kila namna. Liliwapa C19, ambayo ni Tikka ya Kifini inayotengenezwa na Colt Canada: bolti ya mkono, vilenga vya chuma, hakuna betri popote. Greenland nako, doria ya Sirius ya Denmark inayotembea kwa mbwa imebeba kwa miongo mingi M1917, bunduki iliyobuniwa wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Hawa watu wanakutana na dubu weupe kweli kweli.

Upande wa pili, jeshi la Marekani mwaka 2022 lilitoa mkataba wa darubini ya XM157, ambayo ndani yake ina kipimo cha umbali cha leza na kompyuta ya kukokotoa risasi itaangukia wapi. Imejaa umeme. Lakini alama ya kulengea imechongwa pia kwenye kioo chenyewe, kwa hiyo betri ikifa askari bado analenga. Huo ndio utaratibu ninaoukubali, na ndugu Msukuma akinunua darubini ahakikishe msalaba wake umechongwa kwenye kioo au ni waya halisi, siyo mwanga mtupu. Nukta ikizima, msalaba mweusi unabaki.

Binafsi natumia kilenga cha nukta nyekundu mwaka mzima kwa bunduki ya kujikinga, na kinafanya kazi. Nukta hula umeme kidogo mno, na mzigo mdogo hauiangushi volti kama mzigo mkubwa. Ndiyo maana nukta inaendelea kuwaka huku simu imeshalala.

---

Msukuma_Kaskazini aliandika:

Asanteni sana wakuu. Nilimuuliza muuzaji kuhusu fataki, akasema ana boksi moja lililofunguliwa. Nimeachana nayo.

Fundi, naomba unisaidie mawili zaidi. Betri zipi ninunue kwa hivi vifaa vingine? Na mzee jirani kaniambia bunduki isiingie ndani ya nyumba tukirudi, ikae kwenye gari. Mimi nilifikiri chuma kikiwa na theluji ndio unakiingiza ndani kikauke.

---

FundiUmeme_Tanga alijibu:

Umefanya vizuri.

Betri za AA nunua za lithiamu zisizochajiwa, zile zinazoandikwa kuwa zinafanya kazi hadi -40. Ndani yake hakuna maji kabisa, ndiyo siri yake, na ni nyepesi kuliko alkalaini. Bei inauma lakini hazivuji wala hazilali. GPS na taa ya kichwani uwekee hizo. Zile nene za CR123 nazo ni lithiamu na zinahimili vizuri. Kidonge cha CR2032, ambacho kiko kwenye darubini nyingi, watengenezaji wengi wanakiandikia mwisho -30, kwa hiyo weka kipya kabla ya msimu na kingine mfuko wa ndani. Alkalaini ziache kwenye rimoti ya televisheni.

Glovu za kupasha joto kwa kawaida zina lithiamu-ayoni ya kuchaji. Hizo na simu na benki ya umeme zina sharti moja ambalo nawasihi msilivunje: zinaweza kutoa umeme kwenye baridi, lakini msizichaji zikiwa chini ya sifuri. Lithiamu inashindwa kuingia ndani ya grafaiti, ile kaboni ya upande hasi wa betri, inajipaka juu yake kama chuma. Hilo halirudi nyuma. Betri inakufa kidogo kidogo, na mbaya zaidi inaweza kuja kupiga shoti ndani kwa ndani. Ukirudi ndani ya gari, subiri ipate joto la kutosha ndipo uchomeke.

Bunduki: mzee wako anasema kweli, msikilize. Hewa ya nyumbani ina mvuke wa kupika, wa kuoga, wa pumzi za watu sita. Chuma cha -35 kikiingia humo, mvuke unaganda juu yake mara moja, kisha unayeyuka na kuwa maji ndani ya bolti, ndani ya triga, na kwenye kikasha cha betri cha darubini. Asubuhi ukitoka tena maji yanakuwa barafu, pini haiendi. Watu wengi wanalaumu betri ya kilenga kumbe ni umande umeganda kwenye viunganishi. Kwa hiyo iache mahali pa baridi palipofungwa kwa kufuli, bila risasi ndani. Kama ni lazima iingie, ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa ungali nje, iingize, na usifungue mpaka imelingana na joto la chumba. Mvuke utaganda juu ya mfuko.

Na kabla ya safari, fungua bolti uioshe mafuta yote. Yale mafuta ya dukani ya kawaida yanaganda, pini inakwenda polepole, fataki inaguswa badala ya kugongwa. Kausha kabisa, au paka unga wa grafaiti kidogo. Mdomo wa mtutu ufunike kwa kipande cha utepe theluji isiingie. Risasi zako pia zipige shabaha siku ya baridi, siyo Julai, kwa sababu baruti nyingi zinapungua kasi kwenye baridi na risasi inashuka kuliko ulivyozoea.

Kipimo cha umbali cha leza kitunze ndani ya koti, toa unapokihitaji tu. Kioo chake cha tarakimu, kama ni cha LCD, kikipata baridi kinabadilika polepole hadi unasoma namba ya zamani. Darubini za kuona joto la mnyama usizifikirie kabisa kwa karibuu, kanuni za Alaska zinakataza. Chukua kitabu cha kanuni cha Fish and Game, idara ya wanyamapori ya jimbo, cha mwaka huu ukisome chote.

Mwisho gari, maana huko ndiko kwenye betri kubwa kuliko zote na watu wanaisahau. Betri ya gari, ile ya madini ya risasi na asidi, ikiwa imejaa haigandi hata kwenye -50. Ikiwa imeisha chaji, asidi yake imegeuka karibu maji, na inaganda kwenye baridi ndogo tu na kupasuka. Wiki moja kabla ya kuondoka pitia gereji yoyote waipime kwa mzigo, siyo kwa volti tu. Ukiegesha kule Steese zima taa zote na uchomoe chaja ya simu.

---

Msukuma_Kaskazini aliandika:

Nimeelewa, Fundi. Gari nalipeleka Jumamosi. Mzee jirani anaye rafiki anayeuza Tikka ya .308 yenye vilenga vya chuma, nitakwenda kuiona.

---

Mswahili_Whitehorse alijibu:

Ukiiona, vaa glovu zako nene za baridi kabla ya kuishika. Hakikisha kidole kinaingia kwenye triga na unaweza kufungua bolti na kusogeza usalama bila kuvua. Ukishindwa dukani, porini hutaweza.