Bawabu ni mlinzi yeyote, au wa mlangoni tu?

Igizo_Kirumba:
Wakuu, shikamooni kwa wakubwa. Tuna igizo la enzi za watemi, kabla Mjerumani hajafika. Mhusika mmoja onyesho la kwanza yuko langoni mwa ikulu ya mtemi, la tatu yuko mwaloni usiku analinda mitumbwi. Mswada unamwita "bawabu" mwanzo mwisho. Ni sahihi? Na wingi wake ndio "wabawabu"?

Lango_Kuu:
Langoni sawa, mwaloni hapana. Neno limetoka Kiarabu, "bab", yaani mlango, kwa umbo lile lile lililotupa dalali na hamali: mtu anayetajwa kwa kazi anayoishi nayo. Bawabu hufungua, hufunga, huuliza "umemfuata nani?", kisha humpitisha mgeni au humrudisha. Silaha si sharti. Cairo hadi leo bawabu ndiye yule anayekaa chini ya jengo la ghorofa na kujua kila anayeingia. Anayekesha mwaloni mitumbwi na nyavu zisiibwe ni mlinzi, na hapo alipo ni lindoni.

Sarufi_Tu:
"Wabawabu" futeni. Bawabu mmoja, mabawabu wawili, na upatanisho ni wa viumbe: bawabu wangu amelala, mabawabu wamelala. Msiseme "bawabu langu". Na "bawabu wa mlango" ni kutaja mlango mara mbili. Semeni bawabu wa ikulu.

Kubwa zaidi, angalieni irabu ya mwisho. Bawaba ni kile chuma fundi anachokifunga kwa skrubu kushikisha mlango kwenye fremu, na wingi wake unabaki bawaba. Mkazo wa maneno yote mawili uko pale pale, ba-WA-bu, ba-WA-ba, kwa hiyo mwigizaji akimeza silaba ya mwisho, au mchapaji akikosea herufi moja kwenye bango, mtemi wenu atakuwa analindwa na kipande cha chuma.

Ng'ambo_ya_Ziwa:
Napingana kidogo na Lango_Kuu. Maana kaieleza vizuri, ila mahali ndipo hapakai. Bawabu ni neno la pwani. Kwenye jumba la Sultani Unguja lingekaa vizuri. Ikulu yenyewe ni neno la huku kwetu, la Wasukuma na Wanyamwezi, sasa kumweka bawabu langoni pake ni kumvisha mtu wa Usukuma kanzu na kilemba. Wanaolijua hapa Mwanza wengi wamelikuta kwenye Biblia: Zaburi ya 84, ambapo mtu anaona heri awe bawabu nyumbani mwa Mungu kuliko kukaa kwenye hema za uovu, na Yohana 10, bawabu anayemfungulia mchungaji. Mimi ningesema "mlinzi wa lango".

Na kama mswada una sungusungu, wale walinzi wa jadi wa vijijini, mtoeni. Hao walianza miaka ya 1980.

Igizo_Kirumba:
Asanteni. Mwaloni tunaweka mlinzi. Langoni, "mlinzi wa lango" ni refu, linavunja mapigo ya kibwagizo. Vipi "mlinda mlango"?

Sarufi_Tu:
Kisarufi halina kosa. Ila igizo likiwa Kirumba, karibu na uwanja wa mpira, akitajwa mlinda mlango watu watauliza amedaka mangapi. Neno hilo golikipa keshalichukua. Jaribuni "mngoja lango": zamani kungoja kulikuwa pia kulinda, na silaba ni tano tu.