Roboti inayobashiri unataka nini: ingemwelewa bibi yangu?

Mjukuu_Langoni
Assalaam aleikum. Bibi yangu alipata kiharusi mwaka jana, hapa Lamu. Upande wa kulia umepooza na maneno hayatoki. Akiinua mkono wa kushoto sisi wajukuu twaanza kubahatisha: maji? tasbihi? dirisha? Hukasirika mpaka machozi. Shangazi akiingia tu, keshajua.

Nimesoma kuhusu Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Mwaka 2013 waliifunza roboti iitwayo PR2 kwa video 120 za watu wakifanya shughuli za nyumbani. Ukibeba chungu kuelekea friji, yakufungulia mlango kabla hujafika. Ingemfaa mtu wa kitandani?

Fundi_Malindi
Waaleikum salaam. Ile hutazama kwa kamera ya Kinect viungo vya mwili vinavyokwenda, na vitu vilivyo karibu ni vya kufanyia nini. Yawaza njia kadhaa, yachagua iliyo karibu zaidi na kweli. Sekunde 1 mbele ilipatia asilimia 82, sekunde 3 asilimia 71, sekunde 10 asilimia 57. Sasa bibi mwili hauendi. Itatazama nini?

BiMkubwa_Mkomani
Mwanangu, dude la kilo kama 200 lenye magurudumu, ngazi za nyumba zetu nani atalipandisha? Muulize shangazi yako yeye hutazama nini.

Mjukuu_Langoni
Nimemuuliza, Bi Mkubwa. Kacheka kwanza. Asema mkono hautazami kabisa, mkono wadanganya. Hutazama macho: akitaka tasbihi huangalia kidaka cha pili ukutani, akitaka maji huangalia mlango, kwa kuwa mtungi uko nje ya chumba. Lakini karibu na alasiri, mlango huo huo si maji ya kunywa, ni ya udhu. Miezi minane mimi nampelekea gilasi!

Fundi_Malindi
Hapo kwenye macho umenena. Kamera za kufuata macho zipo, wasioweza kusema huchagulia maneno kwenye skrini. Ila hiyo ya alasiri lazima mtu aifunze mashine.

Mjukuu_Langoni
Leo nimeingia na birika na beseni kabla ya adhana. Amenyoosha mkono mwenyewe, nikamtawadhisha. Tulipomaliza akakazia macho kidaka cha tatu. Kina kopo la ubani, ufunguo na picha ya babu. Nimeonyesha vyote, vyote amekataa. Shangazi yuko Shela, namngoja arudi.