Waandaaji wa mbio za milimani Lushoto: mlima mmetuuzia, maji mmebaki nayo mjini

Wakuu salama? Naandika mapaja hayakunjiki, ngazi za hapa gesti nashuka kinyumenyume, kwahiyo lugha ikiwa kali mtajua imetokea wapi.

Jina lao sitaji, waliokimbia wanawajua. Tangazo lilikuja na picha ya Irente, ule mwamba unaosimama juu ukaiona tambarare yote chini kule, na maneno eti nusu marathoni ya utalii, njia rafiki kwa kila mtu. Rafiki! Hakuna ramani, hakuna mchoro wa kupanda na kushuka, hakuna popote walipoandika utapanda mita ngapi. Sasa sie wa Dar mazoezi yetu ni Coco na daraja la Tanzanite, kilima chetu kirefu ni hilo daraja, unamchukua mtu wa hivyo unamleta Lushoto ambako mji wenyewe tu uko kama mita 1,400 juu ya bahari, halafu unampandisha tena barabara ya Magamba mpaka msituni na wala hujamwambia.

Na mlima wenyewe siulaumu, mnielewe hapo. Kule ni kuzuri jamani, ubaridi wa asubuhi, ukungu, kabichi na karoti zimelimwa kwenye miteremko ambayo mimi hata kusimama siwezi, watoto wa kule wanakimbia na wewe wamevaa ndala na wanakuacha huku wanacheka. Waliokimbia Kilimanjaro Marathon kule Moshi wanajua kupandisha ile barabara ya Mweka kunavyouma, ila Mweka unajua ipo inakusubiri, unatunza pumzi, mwanzo unaenda mdogomdogo. Huku watu wametoka na spidi ya tambarare, hata robo ya njia haijafika wanatembea wameshika viuno.

Tuje kwenye maji. Mbio za barabarani zinazojielewa zinaweka kituo cha maji kila km 5 hivi, na hapo ni hata kwenye lami iliyonyooka. Sisi tulipewa maji mjini, pale penye mabango ya wadhamini na mpiga picha, halafu mpando wote mkavu, unafika kwenye kugeuzia unakuta katoni tupu na kijana kasimama anagawa pole. Pole inanyweka? Aliyetuokoa ni mama mmoja anauza peasi kando ya barabara, alitoa jagi lake na kikombe kimoja tukapokezana, hela akakataa. Huyo ndo alistahili kuvalishwa medali.

Kushuka nako barabara haijafungwa! Fuso la kabichi linakuja kwenye kona wewe uko katikati na miguu haina breki, mwongoza njia hata mmoja hayupo, polisi sikumwona. Ukishuka mlima mrefu ndo mapaja ya mbele yanaumia kuliko wakati wa kupanda, mtu keshachoka, hana maji, halafu mnampa na Fuso la kukwepa.

Umbali ndo kichekesho. Nusu marathoni ni km 21.1, saa za wengi zilisoma 22 na ushee. Tukiuliza tunaambiwa saa zenu zinadanganywa na miti na kona. Sawa, zinaweza kuzidisha kidogo, lakini karibu kilomita nzima, tena saa za wengi hivyo? Njia inapimwa kwa baiskeli iliyofungwa kihesabio cha mizunguko ya tairi, na kwanza unaihakiki kwenye kipande ambacho urefu wake unajulikana. Jamaa mmoja wa kamati alitwambia kwa mdomo wake kwamba wao walipima na bodaboda. Bodaboda wakuu!

NYONGEZA: nimeona mnaosema tungefanya mazoezi. Mazoezi ya nini sasa, ya kukaa na kiu? Hata mngemleta bingwa angeuliza njia ikoje kabla hajafunga kamba za viatu, na angejibiwa.

Na usajili wa mwakani nasikia washaufungua na ada imepanda. Mimi sitoi hata mia mpaka waweke hadharani ramani yenye mipando yote na vituo vya maji. Kama kuna mwanakamati humu ajitokeze ajibu, tusitumiane ujumbe pembeni. Mods, msiunganishe huu uzi na ule wa picha za washindi.