Baba katoka wodini na ugonjwa wa kongosho, bibi anamlisha parachichi. Naombeni ushauri

Binti_wa_Rungwe
Wakuu, habari za jioni. Niko Tukuyu, nimeomba ruhusa kazini nije kumuuguza baba. Ana miaka 56, na komoni, pombe ya kienyeji, kaanza kunywa kabla sijazaliwa. Wiki tatu zilizopita alishikwa na maumivu juu ya kitovu, yakatokeza mgongoni, akawa anatapika mpaka nyongo. Wakamlaza, wakasema kongosho limevimba. Mwanzoni dripu tu, baadaye uji mwepesi. Karudi na masharti mawili: pombe basi, mafuta kidogo sana.

Mafuta ya chupa hayana ugomvi. Ugomvi ni parachichi. Huku kwetu mpaka nguruwe wanalishwa. Bibi anasema tunda ni tunda, na mwanae amekonda. Juzi kaponda zima juu ya kiazi, baba akala lote. Haikupita saa nyingi akawa amejikunja kitandani, magoti kifuani. Tangu hapo anaogopa hata harufu. Mama akikaanga kitunguu yeye anabeba kigoda anakwenda kukaa migombani, eti kongosho lisije likaamka. Kuna ukweli hapo au ni woga? Na bibi nimwambieje?

Mzee_wa_Mwanjelwa
Pole binti. Mpe maji ya magadi asubuhi, yanapoza asidi. Jirani yangu alipona.

Tabibu_Mstaafu
Mzee mwenzangu, magadi waachie wapika maharage. Kongosho zima hujitengenezea yake, nitafika huko.

Binti, baba yako hajakosea sana. Pua ikinusa kitunguu, ubongo unatuma taarifa kupitia neva ya vagasi, na kongosho linaanza kuandaa vimeng'enya vya kuyeyusha chakula kabla hajatia kitu mdomoni. Vitabu vinaweka hatua hiyo karibu asilimia 20 ya vimeng'enya vya mlo mzima. Lakini wakati huo maji bado ni machache, kwa hiyo kinachofika utumboni ni kidogo. Arudi jikoni akae na mkewe.

Kazi kubwa iko chakula kikishatoka tumboni na kuingia duodeni, ule mwanzo wa utumbo mwembamba. Asidi ikigusa pale, ukuta wa utumbo unamwaga homoni ya sekretini kwenye damu, na mirija ya kongosho inatoa maji yenye bikaboneti kuizima. Ndiyo magadi yenyewe hayo. Mafuta na protini vikifika, inatoka homoni nyingine, kolesistokinini. Hiyo inakamua mfuko wa nyongo na kulisukuma kongosho litoe vimeng'enya. Sasa parachichi ni tunda, sawa, ila limejaa mafuta. Utumbo hauulizi kama yametoka mtini au kwenye chupa.

Vimeng'enya vya kuyeyusha protini hutoka vikiwa vimelala, vikaamshiwa utumboni. Kongosho likiugua vinaamkia humo humo ndani, linaanza kujila. Ndiyo maana pombe ni marufuku kabisa, hata kikombe cha msibani.

Mwl_Kihesa
Nifundishaye baiolojia hapa Iringa nimependa hii. Mtafiti Pavlov kule Urusi aliamini neva ndizo zinazoamuru kongosho. Mwaka 1902, London, watafiti Bayliss na Starling wakachukua mbwa, wakakata neva za kipande cha utumbo, wakatia asidi. Kongosho likamwaga maji vilevile! Ujumbe ulipita kwenye damu. Sekretini ikapata jina, na mwaka 1905 Starling akaanza kutumia neno homoni. Kichekesho ni kwamba Pavlov naye hakushindwa: kolesistokinini yenyewe hupitisha sehemu kubwa ya maagizo yake kwenye vagasi.

Nyasaland_Boy
Mwalimu, mtu ana mgonjwa wewe unaleta mbwa.

Mama_Uyole
Mdogo wangu, bibi hapigwi marufuku, anapewa kazi. Mwambie apike kande laini bila karanga, mchicha wa kuchemsha, ndizi. Kidogo kidogo, mara tano sita kwa siku. Mume wangu aliuguzwa hivyo hivyo.

Tabibu_Mstaafu
Mama Uyole kamaliza. Ila hayo maumivu ya juzi yasipuuzwe, arudi kliniki wiki hii. Uliza pia kama alipigwa ultrasaundi kuangalia mawe ya nyongo, maana kongosho likivimba bila pombe, mara nyingi sababu ni hayo. Macho yakiwa ya njano, homa, au kutapika bila kukoma, usisubiri asubuhi. Na mwangalie chooni: choo chenye mafuta kinachoelea maana yake vimeng'enya vimepungua. Kiu na mkojo mwingi, apimwe sukari.

Binti_wa_Rungwe
Ndaga fijo wote. Kliniki ni Alhamisi. Bibi nimemsomea hapa, kasikiliza hadi mwisho, kisha kauliza: "Hiyo vagasi inakaa upande gani?" Nimemwonyesha shingoni. Kaliweka parachichi kapuni, kasema atampelekea nguruwe. Baba yuko jikoni, anachambua mchicha.