Mjadala: Posta iuzwe, ifungwe, au tubadilishe kwanza sheria iliyoiacha mikono mitupu?

Wadau, kila ikifika Oktoba 9, Siku ya Posta Duniani, swali linarudi: Shirika la Posta Tanzania lina kazi gani siku hizi? Kuna wanaotaka lifungwe kwa sababu hakuna anayeandika barua. Kuna wanaotaka lipewe mwekezaji. Wengine wanasema Serikali iliongezee mtaji, basi. Msimamo wangu ni kwamba hakuna hata moja kati ya hayo litakalofanya kazi kama hatujaigusa sheria. WhatsApp ilikuja kummalizia mgonjwa ambaye tayari alikuwa hoi.

Turudi nyuma kidogo. Enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, posta na simu vilikuwa chini ya shirika moja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikabaki na la kwake, na sisi tukawa na Shirika la Posta na Simu. Ndani ya shirika lile simu ndiyo iliyokuwa ikiingiza hela. Barua ilifika hadi wilaya ya mwisho kwa stempu ya bei ndogo, na pengo likazibwa na bili za simu za mijini. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu mfuko ulikuwa mmoja.

Kisha ukaanza mgawanyo. Mwaka 1991 ilitungwa sheria ya kuanzisha Benki ya Posta, na akiba za wananchi zikatoka mikononi mwa shirika. Mwaka 1993 Bunge likapitisha sheria nyingine: simu zikaenda kampuni ya simu ya TTCL, usimamizi wa sekta ukaenda kwa Tume ya Mawasiliano, na Posta ikaanza kujitegemea Januari 1, 1994. Wenzetu walipita njia hiyo hiyo, Uganda mwaka 1998, Kenya mwaka 1999. Lengo la wakati ule lilikuwa kuzitenga simu ili ziweze kupata mwekezaji, na kweli mwaka 2001 asilimia 35 ya hisa za TTCL ziliuzwa.

Sasa angalieni Posta ilichobakiwa nacho. Majengo katikati ya miji, masanduku, wafanyakazi, na wajibu wa kufika kila kona ya nchi. Wajibu ulibaki, chanzo cha kuulipia kikaondoka. Shirika likaambiwa lijiendeshe kibiashara na papo hapo lihudumie mahali ambapo hakuna mfanyabiashara anayetaka kwenda. Hapa ndipo tulipokosea, na tumeendelea kukosea kwa zaidi ya miaka 30.

Yaliyofuata mnayajua. Simu za mkononi zikaua telegramu. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, hundi za posta zikabaki historia. Hata kazi zilizokuwa zinaletwa na Serikali yenyewe zimehama. Wengi humu mnakumbuka kwamba kwa miaka kadhaa waombaji wa mikopo ya elimu ya juu ya HESLB walitakiwa kutuma fomu zao kwa EMS, huduma ya haraka ya Posta: bahasha kubwa yenye nakala zilizogongwa muhuri wa wakili, foleni ndefu, risiti unaitunza kama cheti. Siku hizi mambo yote ni mtandaoni. Ni jambo jema kwa mwanafunzi na sitaki turudi kule. Ninachosema ni kwamba kila mlango wa mapato ulipofungwa, hakuna aliyerudi bungeni kuuliza Posta italipia vipi ule wajibu wake.

Hoja nzito kuliko zote upande wa pili ni ya mabasi, na sitaki kuidharau. Ukitaka kumtumia mama dawa au simu kutoka Dar kwenda Kibondo, unaenda ofisi ya basi pale Mbezi, wanaandika jina na namba ya simu juu ya boksi kwa kalamu nene, unalipa, unapiga picha risiti, na unamtumia aliyeko kule namba ya gari. Mzigo unafika. Kwa nini basi tuhangaike na Posta?

Jibu langu ni kwamba basi linaishia stendi. Aliyeko kijijini kilomita 40 kutoka barabara kuu anatoa nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na mara nyingi nauli hiyo inazidi gharama ya kutuma. Ukipotea mzigo ambao hukutaja thamani yake, mara nyingi unaambulia maneno. Basi halifiki Mafia wala Ukerewe bila chombo kingine, na halina mkataba na nchi yoyote ya nje, wakati Posta iko ndani ya Umoja wa Posta Duniani, ambao wanachama wake wanalazimika kupokeleana mizigo. Sheria tayari inataka anayesafirisha vifurushi kibiashara awe na leseni ya TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano. Lakini leseni haimlazimishi mtu kwenda asikotaka, na si haki kumlazimisha mwenye basi abebe mzigo wa taifa. Basi na lifanye biashara yake. Swali ni nani anafanya ile isiyo biashara, na analipwa na nani.

Kwa wanaodhani sheria ni makaratasi tu, tazameni Marekani. Desemba 2006 Rais George W. Bush alisaini sheria iliyolitaka shirika lao la posta, USPS, litenge fedha mapema kwa ajili ya bima ya afya ya wastaafu, wakiwemo ambao wangestaafu miaka mingi mbele. Ilikuwa takriban dola bilioni 5.5 kila mwaka kwa miaka 10. Taasisi nyingi nyingine za Serikali yao hazikubebeshwa mzigo wa namna hiyo. Kuanzia 2012 shirika likashindwa kulipa, vitabu vikajaa hasara, na hasara ile ikawa ushahidi wa kila aliyetaka kusema posta ya umma imekufa. Sehemu kubwa ya hasara hiyo ilitokana na kifungu kimoja cha sheria. Februari 2022 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 342 kwa 92 kukifuta, wabunge wa vyama vyote viwili wakiunga mkono, sheria ikasainiwa Aprili, na deni la takriban dola bilioni 57 likaondolewa. Sheria hiyo hiyo ikaandika wazi kwamba barua na vifurushi vitapelekwa siku sita kwa wiki. Haikuwa dawa ya kila kitu, maana mwaka wa fedha 2024 bado walipata hasara ya dola bilioni 9.5. Lakini angalau sasa wanabishana kuhusu bei na uendeshaji, vitu ambavyo meneja anaweza kuvishughulikia.

Mnaotaka mwekezaji, nanyi tazameni Uingereza. Sheria ya 2011 ilifungua mlango, na Oktoba 2013 hisa za posta yao, Royal Mail, zikauzwa kwa peni 330 kila moja. Kabla ya kuuza, Serikali ilibeba mfuko wa pensheni wa wafanyakazi, maana yake walipa kodi waliubeba mzigo na wanunuzi wakapata kampuni nyepesi. Stempu ya daraja la kwanza ilikuwa peni 60 mwaka ule. Aprili 2025 ilifika pauni 1.70. Mwaka huo huo kampuni ikaingia mikononi mwa tajiri wa Czech, Daniel Křetínský, na tangu Julai barua za daraja la pili zinaweza kupelekwa siku moja na kurukwa inayofuata. Kampuni binafsi nayo iliomba kupunguziwa wajibu. Na kwetu, naamini atakayekuja kuinunua Posta atakuwa anatazama viwanja, kwa sababu karibu kila mji mkongwe Posta imekaa mahali pazuri kuliko maduka yote.

Denmark wamefika mwisho wa njia nyingine: shirika lao la posta, PostNord, limeacha kabisa kupeleka barua mwishoni mwa 2025. Kule wananchi wengi wanapokea barua za Serikali kidijitali. Sisi bado kuna kata ambazo mtu anapanda kichuguu kutafuta mtandao.

Kwa hiyo napendekeza sheria mpya ya Posta itakayotenganisha mambo mawili. Biashara ya EMS, vifurushi na upangishaji majengo ijiendeshe, ishindane, na meneja akishindwa aondoke. Huduma kwa wote iandikwe kwa vipimo: kila kata ipate kituo cha kupokea na kutuma, hata kiwe ndani ya duka la mtu kwa uwakala, na kila kituo kihudumiwe mara ngapi kwa wiki. Kisha sheria itaje gharama yake inatoka wapi. Tunao Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulioanzishwa kwa sheria ya 2006, na kampuni za mawasiliano zinauchangia. Mei 2023 mfuko huo ulisaini mikataba ya minara ya simu 758 vijijini. Kama tulikubaliana kwamba mtu wa kijijini ana haki ya mtandao hata kama halipi gharama kamili ya mnara, sioni kwa nini asiwe na haki ya kifurushi. Tena yule aliyepata mtandao ndiye anayeanza kuagiza vitu mtandaoni.

Kuna kingine kinachoniuma. Mwaka 2022, kabla ya Sensa, nchi nzima iliingia kwenye Operesheni ya Anwani za Makazi. Barabara zikapewa majina, nyumba zikapewa namba, kata zikawa na postikodi za tarakimu tano. Fedha za umma zilitumika. Leo kibao kipo mlangoni, lakini barua rasmi bado inaandikwa S.L.P., na mwananchi analipia sanduku kila mwaka na kulifuata mjini. Sheria iweke tarehe ambayo taasisi za umma zitaanza kutumia anwani ya makazi, na Posta ilipwe kwa kila kinachofikishwa mlangoni.

Tukumbuke pia kwamba posta ni jambo la Muungano, limo kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba. Muswada ukiandikwa Dodoma bila Unguja na Pemba kusikilizwa, tutaanza upya mgogoro mwingine.

Naomba wanaopinga wajibu mambo mawili kwa uwazi. Unayetaka ifungwe: kifurushi kutoka nje cha mtu wa Ukerewe kipokelewe na nani, kwa mkataba gani? Unayetaka iuzwe: kwenye mkataba wa mauzo utaandika kata ngapi lazima zihudumiwe, na mwekezaji akizikimbia baada ya miaka mitano utamfanya nini? Na kama kuna mfanyakazi au mstaafu wa Posta humu, atueleze kutoka ndani: leo ofisi ya wilaya inaishi kwa mapato gani hasa?